Vunjajungu wa Umoja na Kerengende wa Timboni

Shule yetu ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya wapiga kelele. Huandikwa na Jacky, kiranja wa darasa letu la Kidato cha Tatu, kwa kalamu nyekundu ambayo haijawahi kuisha wino tangu nimfahamu. Ya pili hubandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na ni ya watu waliochaguliwa: wa kuimba, wa kukimbia, wa kwenda mashindano ya sayansi. Jina langu, Nangila, limekaa kwenye orodha ya kwanza kama mpangaji asiyetishwa na notisi, siku nyingine na alama ya mara nne au mara sita mbele yake. Kwenye orodha ya pili halijawahi kufika hata kwa bahati mbaya.

Hilo halikunisumbua mpaka muhula uliopita, Mama alipokuja kuchukua ripoti yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya ule ubao. Alikuwa anasoma majina yote kwa kidole, moja baada ya jingine, na alipofika chini akarudi juu akaanza tena. Halafu akaniambia kwa upole, "Labda wameandika nyuma."

Mimi huwa na kichekesho cha kila kitu. Siku hiyo niliinama nikachungulia nyuma ya ubao, kwa ajili yake.

Kwa hiyo Madam Mirriam wa Biolojia alipotangaza kwamba mradi mmoja tu ndio utakaotuwakilisha kwenye mashindano ya sayansi, mkono wangu ulipanda wa kwanza. Darasa likacheka kabla sijasema lolote. Hiyo ndiyo raha ya kuwa mimi, watu hucheka kwa mkopo.

"Nangila, una mradi au una kichekesho?" Madam akauliza.

"Mradi, Madam. Ninafuga vunjajungu."

"Unamfugia wapi?"

"Kwenye sukuma wiki ambazo Mama amepanda kwenye magunia ya udongo nje ya nyumba. Huyo vunjajungu ndiye askari wa magunia."

Hapo nyuma mkono mwingine ukapanda polepole. Alikuwa Kyule. Kyule huishi Mukuru kwa Njenga na hutembea saa nzima kuja shule, na ninaamini hutumia nguvu zote kwa miguu, maana kwa siku nzima hasemi maneno kumi. Akasimama akasema, "Mimi niko na mtoto wa kerengende." Sita. Nilihesabu. Akaketi.

Madam Mirriam akatutazama kwa zamu. "Mmoja anawinda kwenye majani ya mboga, mwingine anawinda majini. Wote wawili wanakaa kimya wakingoja chakula kijilete. Basi mtawalinganisha. Mradi mmoja, watu wawili, daftari moja."

Akaandika kanuni ubaoni. Mistari mitano kila siku, bila mzaha. Mtazamaji haingilii. Wiki ya kwanza kila mtu na mdudu wake; wiki ya pili mnabadilishana, ili asiwepo wa kumpendelea wake.

"Na nikikuta kichekesho kimoja tu humo ndani, Nangila," akasema akifuta mikono, "nafasi inaenda kwa kikundi cha sabuni ya mshubiri."

Kikundi cha sabuni walikuwa watatu na walikuwa wameshaanza kutabasamu.

*

Lazima niwaeleze hawa wawindaji, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri mdudu ni mdudu.

Wangu nilimpa jina Pasta. Ukimwona juu ya jani la sukuma utavua kofia: amesimama wima, mikono imekunjwa kifuani, kichwa kimeinama kidogo. Anaomba. Nzi akitua karibu, sala inaishia hapo. Mikono inaruka, inarudi, na nzi ameshikwa kati ya miiba kama nguo kwenye kibanio. Huna nafasi ya kuona. Unaona kabla na unaona baada. Halafu anaanza kumla akiwa hai, kuanzia kichwani, bila haraka, huku akigeuza shingo kukutazama kama anayeuliza wewe umekula. Siku ya tatu nilihesabu: alirusha mikono mara tisa, akashika nzi sita.

Mama hakumpenda. Alikuwa amesikia kazini kwamba ukimgusa vunjajungu utavunja chombo. Mama hufanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki kule Baba Dogo, vyombo vyetu vyote ni vya plastiki na ukiviangusha vinadunda, lakini alisema hataki kujaribu.

Wa Kyule nilimwita Bomba. Alikuwa anakaa kwenye jerikeni ya lita tano iliyokatwa mdomo, pamoja na maji, matope na kijiti, vyote vya kutoka timboni, yaani lile shimo la zamani la kuchimba mawe karibu na kwao ambalo mvua ililigeuza kuwa bwawa. Mara ya kwanza alipoileta darasani nilichungulia nisione kitu.

"Yuko wapi?"

"Hapo."

"Hilo ni tope."

"Ndiye huyo."

Lile tope likanyanyua mguu. Alikuwa wa rangi ya chai iliyopoa, mnene, miguu sita, sura ya mtu aliyeamshwa mapema. Mabawa hana, ana vifurushi vinne tu mgongoni, vimefungwa vizuri kama nguo za safari. Kyule akaninong'oneza, "Tazama kidevu."

Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza juu yake. Kimoja kikashuka kidogo. Mdomo wa chini wa Bomba, ambao ulikuwa umekunjwa chini ya uso kama mkono uliopinda kwenye kiwiko, ukafyatuka, ukakidaka na kukirudisha. Nilijiona nimetazama mtu akimpiga mwenzake kofi kwa kidevu.

"Buda! Rudia!"

"Si mimi," Kyule akasema.

Bomba alikosa mara mbili tu kati ya kumi na nne. Halafu akaondoka hapo kwa kujisukuma mbele, fyaa, bila kusogeza mguu.

"Amefanyaje hiyo?"

Kyule alinitazama kwa uso wa mtu anayesoma habari za msiba. "Anapumulia kwa nyuma. Anavuta maji kwa makalio, anatumia hewa, halafu akitaka kukimbia anayarusha kwa nguvu."

Nilicheka mpaka Jacky akaniandika mara tatu. Ndipo nikampa jina Bomba. Kwenye daftari Kyule aliandika "sehemu ya nyuma ya tumbo", nami nikauma kalamu nisiongeze kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya muhula huu, ukiweka kando Hisabati.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja kila siku.

"Pasta wangu akikutana na huyu wako, anamla na chai."

"Majini?"

"Si atoke nje kama mwanamume!"

"Wako aingie ndani."

"Pasta haogi na watu."

"Basi."

Na kweli hapakuwa na namna. Ukimtia Pasta kwenye maji anakuwa takataka inayoelea. Ukimtoa Bomba juu ya jani anakuwa tone la tope. Kila mmoja alikuwa mfalme wa mahali pake, hatua mbili nje ya hapo hana hata uchifu.

*

Wiki ya pili tukabadilishana. Kyule akambeba Pasta kwenye katoni ya viatu iliyotobolewa matundu na kufunikwa neti. Mimi nikabeba jerikeni kwa mikono miwili, na kila mtu njiani akaniuliza kama nauza samaki.

Siku tatu Bomba alikula vizuri. Alhamisi akaacha. Viluwiluwi vilipita mbele ya kidevu chake, vikarudi, vikapita tena, yeye kimya. Ijumaa alikuwa amepanda kijiti na kutoa kichwa nje ya maji, kama abiria aliyeboeka. Nilipomwambia Kyule, akakunja uso.

"Hajawahi kuacha kula," akasema. "Labda anaumwa."

"Nitamtunza."

"Nangila. Tafadhali."

Maneno mawili tu, lakini yalinikalia kifuani. Ilibaki Jumamosi na Jumapili tu, Jumatatu Madam achukue daftari.

Sasa niwaeleze mabeseni. Kiwandani kwa Mama, beseni likitoka kwenye mashine limepinda au rangi zimechanganyika haliendi dukani, wafanyakazi huruhusiwa kulibeba. Kwa hiyo nyumba yetu hapa Umoja ina mabeseni kuliko viti, na maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, yakikumbuka. Mama akaweka sheria. Beseni la buluu ni maji ya kupikia. Beseni la kijani ni maji yaliyosuuza mboga au mchele, nayo huenda kwa magunia. Beseni la zambarau ni maji ya sabuni, hayo huenda chooni. Kwetu hakuna maji yanayokaa bure. Ukiacha beseni la kijani lina kitu, anayepita analibeba na kumwagilia sukuma, haulizi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita.

Jumamosi asubuhi nikamtazama Bomba amejikunyata kwenye kijiti na nikajiambia: shida yake ni nafasi. Amebanwa. Nikaosha beseni moja, nikammimina humo taratibu na maji yake ya timboni, matope yake na kijiti chake, nikaliweka kivulini karibu na mlango. Nikajisifu. Nikaandika kwenye daftari, "Mdudu amehamishiwa chombo kikubwa." Halafu nikaenda kwa jirani kusukwa nywele.

Beseni lilikuwa la kijani.

Kusukwa nywele huchukua muda wa saa nne. Niliporudi, kichwa kinaniuma na nimependeza, Mama alikuwa amefika kutoka zamu ya Jumamosi. Alikuwa ameketi kwenye kiti, miguu kwenye maji ya moto. Beseni la kijani lilikuwa limeoshwa na kuanikwa ukutani.

"Mama, hayo maji yalikuwa hapa…"

"Nimemwagilia. Ulisuuza nini humo, viazi? Yalikuwa machafu hivyo."

Nilisimama hapo nywele zangu mpya zikinivuta ngozi ya uso. Yeye akanitazama, akaona, akatoa miguu kwenye maji.

"Ai, papa! Si yule mdudu wa shule?"

Sikuweza kumlaumu. Alifuata sheria kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulitoka pamoja, yeye bila viatu, tukapekua yale magunia manne mpaka giza likaingia. Tulichokora udongo kwa kijiko. Tuliinua majani. Tulipata kijiti. Mdudu wa rangi ya tope kwenye gunia la tope, nani atamwona?

Nilikuwa na namba ya dada yake Kyule. Niliandika ujumbe mara tatu nikaufuta mara tatu, maana kila nilivyouandika ulisomeka kama kichekesho. Na lilikuwepo jibu jingine, rahisi. Ningeweza kusema amekufa. Hakuwa anakula, Kyule mwenyewe alijua. Angehuzunika, angeamini, na daftari lingekuwa safi. Nililala na hilo jibu kichwani, likanifaa usiku kucha, asubuhi nikaiona sura yake: ni uongo.

*

Jumapili ilianza na mawingu na baridi. Kyule alikuja moja kwa moja kutoka ibada ya kwanza, suruali imenyooshwa, katoni ya viatu chini ya kwapa. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho hakijaandikwa kwenye historia ya darasa letu.

"Habari ya asubuhi, mama," akamsalimu Mama mlangoni.

"Nzuri, mwanangu. Pole," Mama akajibu, akaingia ndani haraka.

"Pole ya nini?" Kyule akaniuliza.

"Niaje Kyule. Sikiza. Bomba hayuko. Nilimweka kwenye beseni la kijani na Mama akamwagilia sukuma."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha heshima. "Hiyo ni kali. Amemwagilia mdudu. Haya, niletee nimwone."

"Kyule."

"Nangila, si leo. Nilitembea."

Nikagundua nina miaka mitatu ya vichekesho inayonidai hapo mlangoni. Kama ningekuwa Jacky angeniamini mara moja. Sikuwa na neno jingine, kwa hiyo nikanyamaza tu, mikono chini. Nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi, mpaka tabasamu lake likaanza kushuka upande mmoja, halafu wa pili.

"Ni ukweli," akasema.

"Ni ukweli. Kosa ni langu, si la Mama. Sheria ya beseni naijua."

Hakunitukana. Ingekuwa rahisi zaidi angenitukana. Aliweka katoni chini kando ya gunia la kwanza, akaondoa neti bila kutazama, akaketi kwenye ngazi. Pasta akatoka polepole, akanyoosha mguu mmoja baada ya mwingine, akapanda sukuma yake kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka likizo.

"Nilimtafuta miezi miwili," Kyule akasema. "Timbo wanalijaza udongo sasa. Sijui kama kuna mwingine."

Mimi nikapiga magoti nikaanza gunia la kwanza upya. Baadaye nikasikia amepiga magoti kwa la pili, na suruali ya kanisani.

Mawingu yalipasuka kama saa nne hivi. Jua likapiga ukuta. Nilikuwa nimefika gunia la tatu, nageuza jani, pale nilipoona kwenye shina, kama kiganja na nusu juu ya udongo, kitu cha rangi ya chai iliyopoa. Kimeshika shina kwa miguu sita. Kimekauka. Na mgongoni kimepasuka.

"Kyule," nikasema kwa sauti ambayo sikuijua. "Amekufa. Amepasuka."

Alikuja kwa magoti. Akatazama. Akashika mkono wangu akaubana mpaka ukauma.

"Hajafa. Anatoka."

Kwenye ule mpasuko kulikuwa na kitu kinasukuma. Mgongo ukatoka, wa kijani laini, halafu kichwa chenye macho makubwa kuliko kichwa chenyewe. Akaning'inia kinyumenyume, kimya kabisa, tukadhani amechoka. Halafu akajikunja juu, akajishika kwenye ngozi yake ya zamani, akajivuta wote nje. Vile vifurushi vinne vya mgongoni vikaanza kufunguka taratibu, vimekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni baada ya kufuliwa.

"Ndiyo maana hakula," Kyule akanong'ona. "Alikuwa anajitayarisha. Kitabu kinasema hufanya usiku."

"Amechelewa. Sasa ni mtu wa Umoja."

Akacheka kweli, na machozi. "Andika! Andika saa!"

Nikampa yeye kalamu, mwandiko wake unasomeka. Na nilipogeuka kumpa daftari nikamwona Pasta.

Alikuwa ametoka gunia la kwanza kupitia majani yanayogusana. Sasa alikuwa kwenye shina hilohilo, jani la tatu chini ya Bomba, na hakuwa anaomba. Alikuwa anayumba kidogo mbele na nyuma, kama jani kwenye upepo, na hapakuwa na upepo. Nilikuwa nimemtazama siku za kutosha kujua huo mwendo ni wa nini. Akapanda jani la pili.

Kyule naye akaona. Kalamu ikasimama.

"Mtazamaji haingilii," akasema polepole, kama anayejisomea hukumu.

Niseme ukweli. Kitu kidogo ndani yangu kilisimama kushangilia. Si nilisema? Atoke nje kama mwanamume! Sasa ametoka. Pasta wangu angeshinda, ubishi ungeisha, na ungekuwa ukurasa wa ajabu kuliko wote kwenye hilo daftari: siku mwindaji wa majani alipomla mwindaji wa maji. Kikundi cha sabuni wangelia.

Lakini nilimtazama yule mwingine. Hakuwa na kidevu cha kufyatua tena, alikuwa amekiacha kwenye ngozi. Mabawa hayajakauka. Majini si kwake tena, angani bado. Hakuweza kushika hata kiluwiluwi. Miezi mingi ya kujificha kwenye tope la timbo, akaponea kwenye beseni, akaponea kwenye gunia, akatembea gizani mpaka akapata kitu cha kupanda, na kilichobaki kilikuwa saa moja tu ya jua.

Nikaingiza mkono.

Pasta aliudaka. Lazima niwaambie, ile miiba si ya mapambo. Alinishika kidole cha shahada kwa mikono yote miwili, akaanza kukitafuna kwa bidii, nami nikasema maneno ambayo jirani yetu hakutarajia siku ya Bwana.

"Mtupe!" Kyule akasema.

"Simtupi! Ni askari wa magunia! Andika saa!"

Nilikaa kwenye ngazi na Pasta kwenye kidole karibu saa nzima. Mama alitoka, amevaa leso ya kanisani, akatazama kidole changu, akatazama sukuma, akakaa katikati yetu bila kuuliza. Akachelewa ibada ya tatu kwa hiari yake. Mabawa yalinyooka, yakawa kama kioo. Ule mwili wa kijani ukaingia rangi, mistari myeusi na ya manjano. Mwishowe akatetemeka, kama pikipiki inayowashwa asubuhi ya baridi, na hapohapo hakuwepo. Tulimwona juu ya waya za stima, akageuka mara moja hewani, akadaka kitu kidogo ambacho sisi hatukukiona, akavuka paa.

"Ameshaanza kuwinda," Kyule akasema.

"Anaelekea wapi?"

"Mukuru. Nyumbani."

"Au Baba Dogo, kutafuta kazi," Mama akasema.

*

Jumatatu Madam Mirriam alisoma daftari lote amesimama, darasa linangoja, kikundi cha sabuni wameshapanga vipande vyao mezani. Alipofika Jumamosi akainua nyusi akasoma kwa sauti:

"'Mtazamaji Nangila alimhamishia mdudu kwenye beseni la kijani. Mama alifuata sheria ya nyumba. Kosa ni la mtazamaji.' Sheria ya nyumba ni nini?"

Nikamweleza mabeseni. Darasa likacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha, na nadhani yeye peke yake aliliona hilo. Akafungua Jumapili.

"'Saa tano kasoro dakika tano. Ngozi ya zamani iko shinani. Mabawa hayajakauka. Vunjajungu amefika jani la pili. Mtazamaji Nangila ameingilia, amemwondoa vunjajungu kwa mkono. Sababu: tulikuwa tunalinganisha wawindaji wawili. Saa hiyo mmoja hakuwa mwindaji.'"

Akalifunga daftari. "Kanuni ya pili ilisema nini, Nangila?"

"Mtazamaji haingilii, Madam."

"Na ungeweza usiandike. Nani angejua?"

"Kidole, Madam." Nikakiinua na bandeji yake.

Kyule akasimama bila kuitwa. "Madam, alikuwa na kila sababu ya kumwacha ale. Ni vunjajungu wake." Maneno kumi na moja. Alikuwa amevuka kiwango chake cha siku, na bado ilikuwa asubuhi.

Madam Mirriam akalishika lile ganda tulilomletea, limeng'ang'ania kipande cha shina la sukuma, na akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa kamili: miguu, macho, hata kile kidevu kilichokunjwa.

"Majaji watauliza kwa nini mlivunja kanuni," akasema. "Hawatakuwa wapole kama mimi. Mtawajibu nini?"

Nikafungua mdomo kujibu. Ndipo neno "majaji" likanifikia.

Orodha ilibandikwa Jumanne. Asubuhi hiyo Mama hakwenda moja kwa moja kazini. Alipitia shuleni na ovaroli yake ya kiwandani, akasimama mbele ya ubao, akaanza juu kwa kidole kama mara ile. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Kidole kikashuka. Kikapita waimbaji. Kikapita wakimbiaji. Kwenye sayansi kikasimama.

Alikaa hapo kidole kimeligusa jina, kana kwamba likiachwa litaruka.

"Wameandika mbele," akasema.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka madirisha ya Kidato cha Tatu yakafunguka, na kwenye la kwanza alikuwa Jacky, kalamu nyekundu mkononi, ananitazama huku akiandika.